Fani Kumi na Mbili na Maswali Yake: Uhakiki wa Player's Handbook ya Dungeons & Dragons (2024)

Nakala yangu ya Player's Handbook, yaani kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kilichotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwezi Septemba 2024, ilifika Dar es Salaam ndani ya begi la binamu yangu, ikiwa imeviringishwa kwa taulo na bado ikapata kovu kwenye kona moja. Tangu hapo kitabu hicho kimekuwa mezani kwetu karibu kila Jumamosi jioni, kimemwagikiwa chai mara mbili, na kimepita mikononi mwa wachezaji watano ambao kila mmoja amecheza angalau fani mbili, yaani kazi mbili za mhusika mchezoni, kama mpiganaji au kuhani. Sikusudii kukihakiki chote. Ninachotaka kupima ni jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama kitabu cha namna hii kinastahili fedha yake: je, mtu akichagua fani fulani ya mhusika, anapata mchezo wa aina yake, au anapata jina na picha nzuri juu ya kazi ileile anayoifanya jirani yake?

Kwa asiyeujua mchezo huu, watu hukaa mezani, mmoja wao akiwa msimamizi anayesimulia ulimwengu na maadui waliomo, wengine kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mambo yenye shaka huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Ulipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Kitabu cha 2024 kina fani 12, na kila moja ina matawi manne, yaani njia nne za kuibobea, hivyo mchezaji anachagua kati ya matawi 48 yaliyotandazwa katika kitabu cha kurasa 384.

Kuzitaja fani hizo kwa Kiswahili kumetufundisha jambo ambalo Kiingereza kilikuwa kimelificha. Mle kitabuni kuna majina matatu ya watu watatu wanaofanya uchawi, na mgeni akiyasikia huona wote ni wachawi tu. Sisi hatukuweza kuyaacha hivyo, kwa kuwa mchawi kwetu ni mtu wa kushtakiwa kwa mjumbe, si wa kusafiri naye. Tukamwita wa kwanza msomi, kwa sababu uchawi wake umo katika daftari lake. Wa pili tukamwita mzaliwa, kwa sababu alizaliwa nao. Na wa tatu tukamwita mwenye jini, kwa sababu ameupata kwa mapatano na kiumbe aliyemzidi nguvu. Hilo la tatu halikuhitaji mjadala, maana aliyekulia pwani hakosi kusikia habari za tajiri anayesemekana kufuga jini. Mwimbaji wa kitabu akawa malenga, mwizi wa vichochoroni akawa mjanja, mwenye hasira za nyikani akawa mkali, na mtu wa msituni akawa mwindaji. Tulipomaliza kuwabatiza tukagundua kwamba zile fani zilizopata jina upesi ndizo zilizokuwa na tabia yake mchezoni, na zile tulizozibishania zilikuwa na kasoro hata kabla hatujazigusa.

Kipimo ninachokitumia hakimo kitabuni. Mimi kama msimamizi husikiliza maswali ambayo wachezaji wananiuliza zamu zao zinapofika. Fani iliyotengenezwa vizuri humfundisha mchezaji swali lake, swali ambalo mwingine pale mezani hana haja ya kuliuliza. Orodha ya uwezo haitoshi, kwa sababu wahusika wawili wanaweza kupishana kwa uwezo kumi na bado wakafanya hesabu ileile kila zamu: nimpige nani, kwa dadu ngapi.

Kwa kipimo hicho, mwenye jini ndiye aliyetengenezwa vizuri kuliko wote. Mhusika hupanda ngazi kadiri anavyoendelea, kuanzia ya kwanza hadi ya 20, na katika ngazi ya tano msomi ana nafasi tisa za kutumia uchawi kwa siku, nne za daraja la kwanza, tatu za la pili na mbili za la tatu lenye nguvu kuliko hayo, nazo, ukiacha chache, hazirudi hadi alale usiku kucha. Mwenye jini wa ngazi hiyohiyo ana nafasi mbili tu, lakini zote ni za daraja la tatu, na zote humrudia akipumzika saa moja. Jumamosi moja, wahusika wetu wakiwa katika handaki lililojaa mifupa inayotembea, binti anayecheza mwenye jini aliweka kalamu chini.

"Kaka, tukae hapa saa moja tu. Nimekauka."

Anayecheza msomi, ambaye amemzidi umri kwa miaka kadhaa, hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi yake. "Saa moja itanisaidia nini, mdogo wangu? Mimi bado nina nafasi saba, na hiyo ngoma tunayoisikia huko mbele haitatusubiri."

Mpiganaji akajitosa upande wa binti, kwa sababu saa moja ya mapumziko humrudishia naye sehemu ya pumzi yake, yaani akiba ya kujirudishia uhai, pamoja na ule uwezo wa kutenda mara mbili katika zamu moja. Walibishana karibu dakika kumi, na hakuna aliyekuwa anajilazimisha kuigiza. Kanuni zenyewe zilikuwa zimewapa maslahi tofauti, na maslahi yakaleta tabia. Swali la mwenye jini, "tutapumzika lini?", ni la mtu anayeishi kwa mkopo. Msomi huuliza jambo jingine kabisa, hasa kuanzia ngazi ya tano anapopata ruhusa ya kubadilisha tamko moja la uchawi alilohifadhi kichwani kwa jingine kutoka daftarini baada ya mapumziko mafupi: "kuna muda wa kufungua daftari?"

Mzaliwa alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Katika kitabu cha wachezaji kilichotangulia, cha 2014, alikuwa msomi aliyepunguziwa matamko, na mtu aliyemchagua alikuwa kama aliyenunua redio iliyokatwa nusu ya stesheni. Sasa tangu ngazi ya kwanza anaweza, mara mbili kwa siku, kuwasha damu yake kwa dakika moja, na katika dakika hiyo uchawi wake huwa mgumu zaidi kuukwepa, na akilenga mtu kwa uchawi hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kuanzia ngazi ya pili anapata pia pointi za kuupinda uchawi wenyewe, kwa mfano kuufikisha mbali zaidi au kuwaepusha wenzake na moto wake. Matamko yake mengi bado ni yaleyale ya msomi, na hilo sitalificha, lakini swali lake sasa ni "niwashe hapa au nisubiri?", na swali hilo lina joto ambalo daftari halina.

Mjanja naye amepata kitu ambacho nimekipenda kwa sababu kinaonekana kwa macho. Shambulio lake la kuvizia hutegemea nafasi: lazima awe na faida juu ya adui, yaani haki ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, au mwenzake awe amesimama ndani ya futi tano kutoka kwa adui huyo, kwa hiyo swali lake la miaka yote limekuwa "nani yuko karibu naye?". Katika ngazi ya tano shambulio hilo huongeza dadu tatu za pande sita, na kitabu kipya kinamruhusu aache dadu moja ili apate kitu kingine, kama kumtia adui sumu, kumwangusha chini, au kujiondoa bila kupigwa mgongoni. Rafiki yetu anayemcheza huzikusanya dadu zote tatu kiganjani, huzipima kidogo kama muuza karanga, kisha husukuma moja nyuma kwa kidole hadi katikati ya meza kabla ya kurusha zilizobaki. Meza nzima huiangalia ile dadu iliyoachwa, na kila mtu hujua, bila kusoma ukurasa wowote, kwamba mjanja amenunua kitu na bei yake ni ile pale.

Mkali hununua kwa mwili wake. Akiamua kushambulia bila kujali, yeye hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, lakini maadui nao hupata faida hiyohiyo dhidi yake hadi zamu yake inayofuata; na kuanzia ngazi ya tisa anaweza kuiacha faida hiyo ili kipigo chake kiongezwe dadu ya pande kumi na kimsukume adui futi 15 au kumpunguzia mwendo. Swali lake ni "niko tayari kupigwa kiasi gani?". Kuna pia uwezo wa ngazi ya tatu uliotuchekesha mwanzoni: akiwa katika ghadhabu anaweza kutumia nguvu za misuli kunyata au kupeleleza kwa macho. Kunyata kwa hasira! Tulicheka hadi mchezaji wetu alipoeleza kwamba mkali wake huacha kupumua, mishipa ikimtoka shingoni, na kusikia kila kitu kama mnyama aliyejeruhiwa. Tangu siku hiyo hakuna anayecheka.

Kuhusu mpiganaji nina mawili. La kwanza ni sifa: akishindwa jambo lisilo la vita, kama kuparamia ukuta au kumsoma mtu usoni, anaweza kutoa pumzi yake moja na kuongeza dadu ya pande kumi, na akishindwa bado, pumzi ile haipotei. Ni kanuni fupi, lakini imemtoa mpiganaji katika adhabu ya kukaa kimya panga linapokuwa alani. La pili ni lawama. Kitabu kimeleta umahiri wa silaha, aina nane kwa jumla, na kimeufunga kwenye silaha badala ya fani. Nyundo kubwa ya mikono miwili humwangusha adui, upanga mkubwa hukwaruza hata ukikosa, na upinde mrefu hupunguza mwendo, yeyote awaye aliyezishika kati ya wale wa fani tano zilizopewa umahiri huo. Matokeo yake ni kwamba paladini, yaani shujaa wa kiapo kitakatifu, mwenye nyundo na mkali mwenye nyundo huuliza swali moja, "ameanguka?", na msimamizi hurusha dadu ya kujinusuru kwa kila pigo hadi kiganja kimchoke. Mpiganaji hupewa aina nyingi zaidi, na katika ngazi ya tisa anaruhusiwa kubadilisha umahiri wa silaha aliyoshika, jambo ambalo lingemfanya awe wa peke yake kama lingekuja ngazi sita mapema.

Mtawa, druidi (mwenye uchawi wa maumbile) na kuhani sitawakalia muda mrefu. Mtawa amekuwa mwepesi na mtamu, hasa anapoanza, ngazi ya tatu, kukinga mapigo kwa mkono na pengine kuyarudisha yalikotoka; druidi bado huuliza kama abaki mtu au awe mnyama; na kuhani bado ndiye anayehesabu uhai wa wenzake kuliko wao wenyewe wanavyouhesabu. Wote watatu wanasimama kwa miguu yao.

Penye udhaifu ni pale waandishi walipoamua kurahisisha. Matawi ya fani zote sasa huchaguliwa katika ngazi ya tatu, ilhali katika kitabu cha 2014 kuhani, mzaliwa na mwenye jini walichagua tangu ngazi ya kwanza. Naelewa faida yake kwa mgeni anayejifunza, lakini mwenye jini anayetembea ngazi mbili nzima bila mkataba wake kueleza umefungwa na nani ni kituko, na ni mimi msimamizi ninayelazimika kubuni visingizio. Malenga, kwa upande wake, akifika ngazi ya kumi anaruhusiwa kuchukua matamko kutoka orodha za kuhani, druidi na msomi, na hapo huwa kama mgeni wa arusi anayepita na sahani kila meza. Anafurahi yeye, ila wenzake watatu huona kilichokuwa chao kikiliwa. Na pigo takatifu la paladini, ambalo zamani lilikuwa uwezo wake mwenyewe aliouongeza juu ya upanga, limegeuzwa kuwa tamko la uchawi kama mengine. Nguvu yake ilihitaji kupunguzwa, sikatai. Lakini sasa adui anaweza kulizima kwa uchawi wa kuzima uchawi, na paladini akitiwa mahali pa ukimya hawezi kulitumia, na ile hisia kwamba mbingu zimeshuka kwenye chuma imegeuka kuwa mstari mmoja zaidi katika orodha ya matamko.

Hofu yangu kuhusu orodha ina historia. Toleo la nne la mchezo huu, la mwaka 2008, lilizipa fani zote mfumo mmoja wa uwezo wa kila zamu, wa kila pambano na wa kila siku, na wachezaji wengi walilalamika kwamba kila fani ilikuwa na ladha moja, ingawa lilikuwa na usawa ambao matoleo mengine hayajaupata. Hata wakati wa majaribio ya kitabu hiki kipya, mwaka 2022, waandishi waliwahi kupendekeza orodha tatu tu za uchawi zitumiwe na fani zote, kisha wakaachana na wazo hilo na kurudi kwenye orodha ya kila fani. Walifanya vizuri kurudi. Usawa wa mahesabu ni jambo jema, ila hupatikana kwa urahisi mno ukiwapa watu wote kitu kimoja.

Anayetaka kuona njia nyingine aangalie mchezo mwingine wa aina hii, Shadowdark, kazi ya Kelsey Dionne iliyotoka mwaka 2023. Ina fani nne tu, na kanuni za kila moja ni fupi, lakini maswali yake ni makali. Mwenge huwaka saa moja ya kweli, ya saa ya ukutani, na mwenye kufanya uchawi hurusha dadu kila anapojaribu. Akishindwa hulipoteza tamko hilo hadi apumzike, na akipata moja kwenye dadu, mchawi hupatwa na balaa ilhali kuhani hulazimika kufanya kitubio. Uchawi ni uleule wa kurusha dadu, lakini mmoja huogopa mlipuko na mwingine humwogopa mungu wake. Hiyo ni tofauti iliyopatikana kwa sentensi mbili, na nimewahi kuisoma kwa sauti mezani kwetu ili wenye kitabu cha kurasa 384 waone aibu kidogo.

Kuhusu bei, kitabu hiki huuzwa Marekani kwa dola 49.99, na kwa aliye huku lazima aongeze gharama ya kukisafirisha au hisani ya ndugu mwenye begi. Karatasi ni nzuri, picha za fani ni za kukaa nazo, na faharasa ya kanuni iliyowekwa mwishoni imetuokolea mabishano mengi. Hata hivyo, mwaka 2025 kampuni hiyo ilitoa bure, kwa leseni ya Creative Commons, waraka wa kanuni wenye fani zote 12 na tawi moja kwa kila fani. Ushauri wangu ni kuanza na waraka huo. Cheza ngazi tano za kwanza, na kama kundi lako linataka matawi mengine ndipo mchange fedha za nakala moja ya meza nzima. Sisi watano nakala moja inatutosha.

Nimemwacha mwindaji hadi hapa kwa sababu ndiye anayeniuma. Fani yake yote imejengwa juu ya tamko moja, alama ya mwindaji, linaloongeza dadu ya pande sita kwa kila pigo dhidi ya adui mmoja aliyetiwa alama. Hupewa tamko hilo katika ngazi ya kwanza pamoja na mara mbili za kulitumia bila gharama, ngazi ya 13 huhakikishiwa kwamba maumivu hayatalivunja, ngazi ya 17 hulenga vizuri zaidi kwa ajili yake, na katika ngazi ya 20, kilele cha safari ambayo meza nyingi hazifiki, dadu ya pande sita huwa ya pande kumi. Tatizo ni kwamba alama hiyo hudai umakini, na mtu hawezi kushikilia matamko mawili ya umakini kwa pamoja, kwa hiyo miiba inayoota ardhini, kuficha nyayo za kundi zima, na mengine mengi yanayomfanya awe mtu wa msituni hubaki kwenye karatasi. Mbaya zaidi, mwenye jini anaweza kuchagua tamko la laana linalofanya kazi karibu vilevile: kitendo cha ziada, umakini, dadu ya pande sita kwa kila pigo. Kwa majuma kadhaa meza yetu ilikuwa na watu wawili wa fani mbili wanaouliza swali moja: "bado nimemshika?"

Tuliamua kuandika kwa penseli pembezoni mwa ukurasa kwamba kuanzia ngazi ya tano alama hiyo haitadai umakini. Nilihofia kwamba mwindaji angewazidi wenzake nguvu, na kwa mapambano matatu nilimhesabia dadu kwa siri. Alizidi kidogo, mpiganaji hakulalamika, nikaacha kuhesabu. Jumamosi iliyofuata kundi lilifika kwenye korongo lenye maadui upande wa pili. Rafiki yetu anayecheza mwindaji hakuuliza yule mkubwa wao ana uhai kiasi gani wala kama alama yake ingali hai. Aliinama juu ya ramani, akaweka kidole kwenye njia nyembamba iliyokuwa njia pekee ya kushukia, akaniuliza, "Hapa ardhi ni mwamba au udongo?"